Mwaka wa Maneno Makavu

Mama wa parokia aliyesimama kumsema marehemu alituambia kwamba Apolina alikuwa mtu mpole, mwenye ulimi laini, ambaye katika maisha yake yote hakumkwaza mtu. Tulikuwa tumekaa chini ya turubai la bluu katika parseli, kiwanja cha familia yake, hapa Nyamianda mjini Uvira, kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa kanisani, na joto la mchana lilikuwa limewanyamazisha hata watoto. Niliinua kichwa nione kama kuna mwingine aliyeshtuka. Kando yangu alikaa Papa Kashindi, aliyekuwa mkurugenzi wetu wakati wa redio na ambaye sasa anatembea kwa fimbo. Aliendelea kutazama mbele kwa heshima zote, kisha akaniinamia na kuninong'oneza, "Zawadi, sina hakika, na sipendi kumkosoa mtu katika siku kama hii, lakini inawezekana tumeingia matanga ya jirani." Niliuma pindo la kitenge changu nisije nikacheka mbele ya jeneza.

Tangu siku ile najiuliza kwa nini watu humtia mtu sukari mara tu anapokuwa hawezi tena kujibu. Labda ni huruma. Labda ni woga uliobaki, kama mtu anayeendelea kusalimia mbele ya mlango wa mwalimu mkali aliyehama zamani. Sijui. Ninachojua ni kwamba kulikuwa na mwaka mmoja ambao nilikaa meza moja na Apolina, nikamsikiliza karibu kila siku, na kwamba mwanamke aliyesifiwa chini ya lile turubai sikuwahi kukutana naye. Ya wazazi wangu na jinsi tulivyofika mjini nitayaacha, hayana kazi hapa. Nilikuwa msichana aliyemaliza shule, mwenye diploma ya serikali na bila kazi, na nilikuwa na sauti ambayo watu wa kwaya waliisifia. Kwa sauti hiyo nilipata nafasi katika redio ya mtaa.

Redio yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la simenti. Chumba cha kwanza ndicho kilichokuwa studio: kuta zake zilifunikwa kwa magodoro makuukuu na trei za mayai ili sauti isirudi, dirisha lilizibwa kwa blanketi, na katikati kulikuwa na meza yenye kitambaa cha kijani na mikrofoni mbili. Wageni waliingia wakiwa wamevaa suti na walitoka wakiwa wamelowa. Chumba cha pili kilikuwa ofisi ya Papa Kashindi, na kati yetu na yeye kulikuwa na ubao mwembamba tu wa triplex, kwa hiyo kila alichokisema kwenye simu tulikisikia, na kila tulichokisema juu yake alikisikia pia, ingawa kwa adabu yake alijifanya hasikii. Jenereta lilinguruma uani. Upande wa pili wa ukuta wa uani akina mama walianika ndagala, na mwaka ule wote nguo zangu zilinuka dagaa, hata zile za kwenda misa. Kazi yangu ilikuwa kusoma matangazo: vifo, mbuzi waliopotea, mikutano ya wakulima, kwa Kiswahili, kwa Kifuliiru na kwa Kirundi kidogo nilichojifunza kwa marafiki wa uwandani, kwenye tambarare ya kaskazini mwa mji.

Mchana jirani alituletea chakula katika sinia moja, bugali, sombe ya majani ya muhogo na ndagala, nasi tulisogeza mikrofoni pembeni tukala juu ya meza ileile. Papa Kashindi alianza kula pembezoni mwa bugali, polepole, akiuzunguka kama mtu anayeukagua, akiongea habari za mvua. Apolina alinawa, akanyoosha mkono, akachukua samaki wa katikati. Siku yangu ya kwanza nilidhani ni ukosefu wa adabu. Baadaye niliona kwamba hakula zaidi yetu. Alikuwa tu haoni sababu ya kupita kwingine kama samaki yuko pale.

Alikuwa mwalimu wa zamani, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa utepe upande mmoja. Watu waliomjua kwa redio peke yake walimtarajia mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kupiga kelele sokoni. Kumbe alisema kwa sauti ya chini, tena polepole, kama mtu anayeuliza njia. Kipindi chake kilikuwa Jumamosi asubuhi. Aliwaita watu wenye madaraka, akawaketisha mbele ya kitambaa cha kijani, na akawauliza kile ambacho kila mtu alikuwa anauliza nyumbani kwake. Nakumbuka bwana mmoja wa mambo ya maji, mtu mwema kwa sura, ambaye kwa muda mrefu alitueleza juu ya mipango, hatua na wafadhili. Apolina alimsubiri amalize.

"Papa, maji iko ao haiko?"

"Mama, maji iko njiani."

"Mu njia gani? Utuambie, twende kuipokea."

Nyuma ya triplex tulimsikia Papa Kashindi akivuta kiti. Yule bwana alifuta shingo, kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akacheka, akasema, "Haiko. Mashini ilikufa. Sijui itapona lini." Siku ile watu walimpigia simu yule bwana kumshukuru. Nilistaajabu sana. Kwa miezi mingi alikuwa amewaambia maneno mazuri wakamtukana, na siku aliyowaambia habari mbaya wakamshukuru.

Nilitaka kujua Apolina anapata wapi ule moyo. Alasiri moja tulipokuwa tunaosha vyombo uani nikamuuliza. Nilimwita yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu.

"Yaya, weye hauogopake?"

"Minye?" Alishangaa kweli. "Minye naogopaka kupita nyinyi bote. Unaona Papa Kashindi? Anaweza kuzunguka neno mupaka jioni, hana shida. Minye nikianza kuzunguka, woga inakomala, ninashindwa kusema. Njo maana naingiaka mbiombio."

Nililibeba jibu lile kwa muda mrefu. Nilikuwa nimefikiri kwamba kusema wazi ni kazi ya watu wasio na woga, kama vile kuogelea mbali ni kazi ya watu wenye kifua. Kumbe mtu anaweza kuwa anakimbia, na mahali anapokimbilia pakawa ndani ya swali lenyewe.

Kisha ukaja wakati wa kampeni, na pamoja nao yule mgombea aliyeitwa Kavu. Jina lake halisi sitalitaja. Ameshakufa, na watoto wake hawakusema yale aliyoyasema. Watu walimwita Kavu kwa sababu alijisifu kwamba anawapa watu makavu, bila mafuta. Alikuja redioni mara ya kwanza wakati tunakula, akavua koti, akanawa, akala nasi kutoka sinia moja, akamsifu aliyepika sombe. Tulimpenda kabla hajafungua kinywa. Na alipokifungua mbele ya mikrofoni, akasema barabara yetu imeliwa na wakubwa, kwamba ukitaka kuona lami yake nenda ukaangalie nyumba zao, simu ya redio ililia mpaka chaji ikaisha. Hakuna mtu aliyewahi kusema hivyo katika studio ile. Papa Kashindi alikunywa maji glasi baada ya glasi. Mimi nilipiga makofi kimyakimya chini ya meza, na nikamwona Apolina akitabasamu na kuitengeneza miwani yake, kama mtu aliyesikia lugha ya kwao akiwa ugenini.

Kavu alirudi tena na tena. Kazi yangu mpya ilikuwa kusikiliza rekodi zake na kukata vipande vya kutia katika habari, kwa hiyo nilimsikia kuliko mtu yeyote. Labda ndiyo sababu nikaanza kuona jambo. Sikuliona kwa akili, niliona kwa kuchoka: nilikuwa natafuta mahali pazuri pa kukata, mahali penye jina la mtu au la ofisi, ili habari iwe habari, na sikupapata. Alisema wakubwa. Alisema wezi. Alisema wao. Nikamwambia Apolina.

"Yaya, huyu papa hatajake majina."

Aliacha alichokuwa anafanya. "Unasema?"

"Anasema wezi, wezi. Lakini mwizi mwenyewe hamutaje hata moja."

Alikaa, akavaa vipokea sauti, akasikiliza rekodi moja mpaka mwisho, kisha nyingine. Alipovivua alikuwa hatabasamu. Na juma hadi juma, kadiri siku ya kura ilivyokaribia, nilimsikia Kavu akishuka ngazi. Wezi wa kwanza walikuwa wakubwa wa mbali. Kisha wakawa watu wa vizuizi vya barabarani. Kisha wakawa watu ambao hawakuwa na cheo chochote, watu wa kawaida tu, na neno alilowapa lilikuwa "wageni". Sauti yake ilikuwa ileile, makofi yalikuwa yaleyale. Siku hizi, ninapofungua simu na kusikia vijana katika makundi yao wakianza, "Minye nasema makavu," kabla ya kumtukana jirani, huwa nasikia tena ile ngazi. Najiuliza ni wapi hasa mtu anaacha kumwambia mwenye nguvu ukweli na kuanza kumwambia asiye na nguvu maneno mabaya, na kwa nini masikio yetu hayashtuki anapovuka.

Mahali alipovuka mimi nilikuwapo. Ilikuwa Sange, kule uwandani, siku ya soko. Tulikwenda na Apolina juu ya lori la magunia matupu, na mashine ya kurekodi nimeipakata kama mtoto. Soko lilikuwa limejaa mchele mpya, marundo meupe juu ya maturubai yaliyotandikwa chini, na unga wa mihogo, na vumbi la barabara juu ya vyote. Karibu na pompi ya maji mama mmoja alimtambua Apolina kwa sauti, akatupa kigoda tukae, akatuambia jina lake ni Sesiliya na kwamba Jumamosi zote anasikiliza. Alikuwa mzaliwa wa Kiringye, kijiji cha upande wetu wa mpaka, anasema Kirundi, lugha ya ng'ambo, nyumbani kwake kama wengi wa uwandani, na Kiswahili sokoni kama sisi wote.

"Na huyu Kavu, unamuonaje, mama?" Apolina akamuuliza.

"Huyu? Minye namupendaka. Anasemaka yenye siye tunaogopa."

Kavu alipanda juu ya gari akaanza. Aliisema barabara, tukapiga makofi. Alivisema vizuizi, tukapiga makofi, na Sesiliya alipiga kwa nguvu huku kopo lake la kupimia likiwa limebanwa kwapani. Kisha Kavu akasema, "Mutaniita mubaya, lakini minye sizungukake. Munajua nani anakula muchele ya udongo yenu? Ni wageni! Wamekaa katikati yenu, wanacheka na nyinyi, na kinywani wako na luga yao!" Kulikuwa na kimya kifupi sana, kama watu wanapopitisha gunia zito kutoka mkono hadi mkono. Kisha makofi yakaja, makubwa kuliko yote. Nilimtazama Sesiliya. Mikono yake ilikuwa imebaki wazi, mbalimbali, mbele ya kifua. Na yule mama aliyekuwa anauza kando yake, ambaye dakika chache kabla alikuwa amemwazima kisu, akashika ncha ya turubai lake na kulivuta kidogo upande wa pili.

Juma lile mama aliyeleta unga mjini kutoka Sange alikaa kwenye kizingiti cha redio kupumzika, akatusimulia kwamba watu hawanunui tena kwa Sesiliya, kwamba wamemwambia ahamishe mchele wake nyuma, mbali na barabara. Apolina aliingia ofisini kwa Papa Kashindi. Mimi nilibaki upande wangu wa triplex.

"Jumamosi anakuja," alisema. "Nitamuuliza."

"Mama Apolina, wakati huu ni wakati wa, tuseme, wa joto. Na kila wakati una namna yake. Mtu anaweza kuuliza jambo kwa upande—"

"Papa, unanikataza?"

Nilisikia kalamu ikigonga meza.

"Sijasema neno hilo," Papa Kashindi akasema mwishowe. "Ninakuomba uone kwamba sijalisema."

Jumamosi Kavu alifika akiwa mchangamfu, akamsalimia kila mtu kwa jina, akakaa. Apolina hakungoja hata maji yamiminwe.

"Mukandida, mu Sange ulisema wageni njo wanakula muchele ya bantu. Wageni ni nani?"

"Wanajijua."

"Siye hatuwajue. Utuambie."

"Mama, bantu yote ya huku wananielewa. Minye nasemaka wazi."

"Njo maana nakuuliza weye. Mu soko ya Sange kuko mama moja, anauzisha muchele pembeni ya pompi. Amezaliwa Kiringye. Mama yake alizikwa Kiringye. Anasemaka Kirundi. Ni mugeni ao hapana?"

Kavu akacheka. "Sikukuja kusema juu ya mama moja."

"Ni ndiyo ao hapana."

"Hii ni maneno kubwa, iko na historia—"

"Papa, weye unapendaka makavu. Utupe makavu. Ndiyo ao hapana?"

Alifungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa Kifaransa. Kifaransa kizuri, kirefu, chenye muktadha na mtazamo na kwa upande mmoja na kwa upande mwingine. Mtu aliyetafuta kura zetu kwa Kiswahili cha barabarani alikuwa amekimbilia ndani ya lugha ya ofisi na kufunga mlango. Apolina alimwacha aendelee kidogo ili uwanda wote usikie. Kisha, kwa sauti yake ya chini, akasema, "Sema mu Swahili, papa. Ule mama hasikiake Français." Kavu akasukuma kiti, akasimama, akatoka bila koti lake, na mikrofoni ikabaki ikisikiliza jenereta.

Mawe ya kwanza yaligonga mabati kabla sijamaliza matangazo ya vifo. Walikuwa vijana wake, wengi, wamejaa uani, na kelele zao zilikuwa juu ya Apolina, jina lake pamoja na matusi ambayo sitayaandika. Apolina alisimama atoke kuwajibu. Papa Kashindi akatokea mlangoni kwake, akamshika bega akamkalisha, kwa nguvu ambayo sikujua anayo, akatoka yeye. Nilichungulia pembeni ya blanketi la dirisha. Alianza kwa kuwasalimia. Aliwashukuru kwa kuja kwa wingi. Akamuuliza mmoja hali ya baba yake, kama lile goti limepona, akamuuliza mwingine kama ni kweli dada yake ameolewa mji wa Baraka. Akasema parseli hii ina historia, akaanza historia yenyewe, nani aliinunua kwa nani, na mto ulipofurika ilikuwaje. Alizunguka, akazunguka. Kijana mmoja akapaza sauti, "Papa, unataka kusema nini?" Naye akajibu kwa upole, "Ninafika huko, mwanangu, ninafika," akarudi kwenye mto. Mmoja akaliweka jiwe chini ili apokee mkono aliokuwa amenyooshewa. Mwingine akakaa juu ya ukuta. Jua lilikuwa kali. Walianza kuondoka wawiliwawili, na hadi yule wa mwisho alipokwenda Papa Kashindi alikuwa bado hajafika. Aliporudi ndani shati lake lilikuwa limemgandia mgongoni, na Apolina alimshikia glasi anywe. Nilikuwa nimemcheka mwaka mzima kwa maneno yake marefu. Siku ile niliyasikiliza kama mtu anayesikiliza mvua akiwa ndani ya nyumba.

Walitufungia redio juma lililofuata. Watu wawili wa serikali walikuja wakatuambia kwamba chombo chetu cha kurushia matangazo kina kasoro, kwa hiyo kinahitaji uchunguzi, kwa hiyo tunaombwa tusubiri. Hakuna aliyetupa sababu yenyewe. Siku ya kura ilipita tukiwa kimya, na Kavu akashinda, tena kwa urahisi. Ninaandika hivyo kwa sababu watu huniuliza, na wakati mwingine naona usoni mwao wangependa nijibu vingine.

Kabla ya hapo, siku chache baada ya mawe, Apolina alitaka kwenda Sange kumwona Sesiliya, nami nikaenda naye. Nadhani alifikiri atashukuriwa. Mimi nilifikiri hivyo. Sesiliya alikuwa amehamia nyuma, karibu na ukuta, na rundo lake lilikuwa dogo. Hakutupa kigoda.

"Ulinisema mu redio," alimwambia Apolina. "Uliniuliza?"

"Mama, nilitaka—"

"Sikukuuliza ulitaka nini. Uliniuliza?"

"Hapana."

"Kavu alisema wageni. Hakunitaja minye. Weye njo ulinitaja. Mbele ya ile siku, huku Sange walinijua minye ni Sesiliya. Sasa mupaka kule mbali Kalundu wanajua kuko mama ya Kirundi pembeni ya pompi. Mutoto wangu wanamuuliza ku masomo kama mama yake ni mugeni. Ulinikamata sawa jiwe, ukamutupia ule muntu."

Nilimtazama Apolina, nikisubiri moja ya majibu yake. Alivua miwani. Alikaa chini, palepale kwenye vumbi, mbele ya rundo la mchele, akawa chini ya yule aliyekuwa anamlaumu.

"Nimekosa, mama," alisema. "Ni kweli yote. Nimekosa."

Sesiliya alisawazisha kwa kiganja mchele ambao ulikuwa umeshasawazika. "Siku ingine mukitaka kusema juu yangu," akasema, "muniite. Kinywa niko nacho." Ndipo akatuondokea, akaenda kumwita mtu aliyekuwa anapita na kapu.

Tulirudi mjini. Lori lilipita mashamba ya mpunga, kisha miwa, na ziwa lilipoonekana mbele yetu Apolina akasema, kana kwamba tulikuwa tunaendelea na mazungumzo, "Umesikia, Zawadi? Ule mama njo anajua kusema." Alisema kwa mshangao uliokaribia furaha, na nimeshindwa mpaka leo kuueleza uso wake. Alikuwa amelaumiwa mbele ya soko, na hapo hapo alikuwa amejifunza kitu cha kazi yake mwenyewe, na yote mawili yalikuwa usoni mwake pamoja.

Baada ya uchaguzi hakuweza kukaa. Kaka yake alikuja kumwomba aondoke, kwa ajili ya watoto wa nyumbani zaidi kuliko yeye mwenyewe, kwa sababu kila alfajiri walikuta kitu kimetupwa langoni. Alivuka mpaka wa Kavimvira kwenda kwa rafiki Bujumbura na begi moja, nami nikamsindikiza hadi kizuizi cha mpakani. Nilitaka aniachie neno la kunisaidia. Alifikiri, kisha akasema, "Usijaribu kusema sawa minye. Utaonekana mujinga." Akacheka, akaenda. Miaka ilipita kabla hajarudi kuishi Uvira, na aliporudi alifundisha shule, hakukaa tena mbele ya mikrofoni.

Kasoro ya chombo chetu ilipona yenyewe siku moja bila fundi kukigusa, na tukaruhusiwa kufungua. Papa Kashindi alinizunguka asubuhi nzima kabla sijaelewa kwamba ananiomba nichukue Jumamosi. Nilikubali kwa sharti moja, nalo lilinishangaza mimi mwenyewe nilipolisikia likitoka: mgeni wa kwanza nitamchagua mimi. Nilikwenda Sange peke yangu. Safari hii niliuliza.

Sesiliya alikuja amevaa kitenge kipya, akatazama magodoro ukutani, akauliza nani aliyalalia, akakaa. Nilikuwa nimeandaa maswali kwenye karatasi, nikaigeuza. Nikasema tu, "Mama, jitambulishe." Alisogeza mikrofoni karibu, akaanza kwa Kirundi, akawasalimia wa kwao mmoja mmoja, wa Kiringye, wa Sange, wala hakuharakisha. Kisha akaingia Kiswahili.

"Minye ni Sesiliya. Bantu wengi wamesema juu yangu, wengine vibaya, wengine vizuri. Hakuna mwenye alikuwa na ruhusa. Leo nasema mwenyewe. Muko na swali, muniulize."

Nikafungua simu. Ililia mara moja. Nikaipokea, na kilichosikika kilikuwa pumzi ya mwanaume, na nyuma yake kelele za barabara, magari, kuku. Alinyamaza kiasi kwamba Papa Kashindi alisimama upande wake wa triplex, nikasikia kiti. Nilikuwa naogopa, kwa hiyo nikaingia mbiombio: "Papa, uko hewani. Sema."

"Niko Sange," ile sauti ikasema. Ikakohoa. "Nataka kumuuliza mama. Kesho muchele utaleta?"

Sesiliya aliitazama mikrofoni kwa muda, kama mtu anayemtambua aliye nyuma yake.

"Nitaleta," akasema. "Mbele, pembeni ya barabara. Kuja."